Mkono Uliosahihishwa

Fundi wa makochi aliyeitwa Sponji alikuwa na sheria moja, na hakuwahi kuivunja: ukishamkubali mtu awe mwalimu wako, humbishii mpaka amalize kukufundisha. Ndivyo alivyowaambia vijana waliokuja karakanani kwake kujifunza kuvuta kitambaa juu ya fremu. Anayetaka kubishana, alisema, akafungue karakana yake. Wengine walikimbia wiki ya kwanza. Waliobaki walitoka mafundi, na makochi yao hayabonyei.

Mwalimu wake mwenyewe alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Kaka alimfundisha kazi, na baada ya kazi akamfundisha gitaa. Watu walimwita huyo kaka Vinne, kwa sababu ujanani mkasi wa kukatia ngozi ulimwondolea kidole cha kati cha mkono wa kulia, akabaki na vidole vinne. Hakuacha gitaa kwa ajili hiyo. Alikiegemeza kidole kidogo kwenye ubao, akadonoa nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada tu. Gumba lilibeba kazi ya wawili, kwa hiyo lilichelewa kidogo kila liliporudi kwenye uzi mnene, na nyimbo zake zote zikawa na mwendo wa mtu anayeburuta mguu mmoja. Ungemsikia ukiwa nje ya ukuta ungejua ni yeye.

Sponji alijifunza kwa kutazama. Vidole vyake vilikuwa vyote vitano, lakini kila alipopakata gitaa alikikunja kidole cha kati ndani ya kiganja, kana kwamba naye amekatwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, wala aliyemwambia aache.

Kisha Vinne akapatwa na ugonjwa wa sukari, macho yakazima. Baadaye kiharusi kikaulaza ule mkono wa kulia. Kila Jumapili jioni Sponji alikwenda na gitaa, akavuta stuli karibu na kitanda.

"Umekuja na mkono wangu?" Vinne aliuliza.

"Nimekuja nao, kaka."

"Upige basi. Huku kwangu limebaki bango tu, duka limefungwa."

Mke wa Vinne alicheka akiwa mlangoni. "Mwone! Kugeuka hawezi, utani haumwishi."

"Mkono wangu siku hizi unakaa kwako, mdogo wangu," Vinne aliendelea, kama hakumsikia mkewe. "Usiulaze njaa."

Mambo yangeendelea hivyo kama bendi moja ya ukumbi isingetafuta mpiga gitaa. Sponji alikwenda kujaribiwa. Kiongozi wa bendi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alisikiliza wimbo mmoja akacheka bila ubaya.

"Mzee wangu, gitaa lako linachechemea. Watu wetu wanacheza, wataanguka!"

Wenzake wakaangua kicheko. Sponji naye alicheka, lakini njiani kurudi hakumwamkia mtu.

Binti yake ndiye aliyemwonyesha masomo ya kudonoa gitaa kwenye mtandao. Unalipa, unatazama somo, unajirekodi kwa simu, unatuma, naye mwalimu anakujibu. Mwalimu alikuwa kijana mpole, aliyefundishia katika chumba kilichobandikwa sponji ukutani, jambo lililompendeza fundi. Alipoitazama video ya kwanza ya mwanafunzi wake alimpigia simu.

"Mzee, sikio lako ni zuri sana. Ila hicho kidole cha kati mbona umekikunja? Kinauma?"

"Hakiumi, mwalimu."

"Basi kifungue, kina kazi. Gumba linachelewa kwa sababu umelitwisha mzigo wa mwenzake. Na kwa sasa usiziguse kabisa nyimbo zako za zamani. Zitakurudisha kulekule."

Hapa mwalimu hana lawama. Alisema lililo sahihi kwa mwanafunzi yeyote, na hakuambiwa kile kidole kilikunjwa kwa heshima ya nani. Aliyejua alikuwa Sponji, na Sponji alijibu, "Sawa, mwalimu."

Wapo wengi wanaolipia masomo ya namna hiyo wakayatazama wamelala, kama tamthilia, kisha wakasema wameibiwa. Sponji hakuwa mmoja wao. Aliitundika simu kwa mpira wa kochi mbele ya cherehani, na kila asubuhi kabla ya wateja alilirudia somo lilelile. Alipunguza mwendo wa video mpaka akaona kila kidole kinatua wapi. Hakuruka hatua. Alipokwama aliuliza, na alipojibiwa alifanya. Anayetaka kujua masomo ya mtandaoni yanamfaidi nani, yanamfaidi mtu wa namna hii. Simu ilipojaa alifuta video zake za zamani, akaanza na ile ya kwanza kabisa, maana alikuwa akiionea haya.

Lakini Jumapili zilikuwa palepale. Sasa alikwenda mikono mitupu.

"Mkono uko wapi?" Vinne aliuliza.

"Nyuzi zimekatika, kaka."

Jumapili nyingine akauliza tena. "Bado hujapata nyuzi? Hata za kuazima? Au unazifuma mwenyewe?"

Sponji alisema dukani zimeadimika. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kumdanganya mteja unene wa sponji. Alimdanganya kaka yake kitandani, kwa sababu mwalimu alimkataza nyimbo za zamani na sheria ni sheria.

Shemeji yake alimfuata hadi nje. "Shemeji, kama mmekosana niambie. Anakuulizia kila siku."

"Hatujakosana. Namwandalia kitu kizuri."

"Fanya haraka basi."

Hakufanya haraka. Alifanya kwa mpango, mpaka siku mwalimu alipomwambia, "Umemaliza, mzee. Mkono wako sasa ni safi." Jumapili hiyo alibeba gitaa. Shemeji alikuwa amemwogesha mgonjwa na kumwegemeza kwenye mito. Sponji hakusema neno, alitaka kumshtukiza. Akaanza wimbo ambao Vinne aliutunga siku walipohamia karakana yao ya kwanza. Kila uzi ulisikika peke yake, wazi, na hakuna uliochelewa.

Vinne aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka katikati.

"Nani huyo?"

"Si ni mdogo wako!" mkewe alisema. "Huyu hapa."

"Siye. Huyu anapiga vizuri sana. Mpe ahsante, halafu mniitie mdogo wangu."

Sponji aliweka gitaa chini, akaushika ule mkono uliolala, akauweka shavuni mwake. "Kaka, ni mimi."

Vinne aliuliza taratibu, "Sasa mkono wangu umeupeleka wapi?"

Sponji alikikunja kidole, akaanza upya. Gumba likafika kwa wakati. Alilichelewesha kwa makusudi, likachelewa kama mtu mwenye miguu mizima anayejifanya kiwete. Alirudia, akarudia tena.

"Acha, mdogo wangu," Vinne alisema. "Usijitese."

Alipofika nyumbani aliitafuta ile video ya kwanza, asiipate. Akampigia simu mwalimu. "Pole sana, mzee wangu," kijana alimjibu, na kweli alihuzunika. "Za wanafunzi tukishazijibu tunazifuta." Ilikuwa ndiyo rekodi pekee ya mkono ule. Miaka yote ambayo Vinne alipiga, na Jumapili zote ambazo Sponji alimpigia, hakuna aliyewahi kuwaza kurekodi kitu kinachopatikana chumba cha pili.

Vinne alifariki kabla mwezi haujaisha.

Sponji alipata nafasi kwenye bendi. Anapiga kwa gumba na vidole vitatu, na wachezaji hawaanguki. Sheria yake ni njema kwa kijana asiye na kitu mkononi. Yeye alikwenda kwa mwalimu wa pili akiwa amebeba mali ya mwalimu wa kwanza, na hakusimama kuuliza kama alikuwa na haki ya kuiacha mlangoni.

Masomo yalimpa mkono safi na kiti kwenye bendi. Yalimgharimu mkono wa kaka yake, ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa nao, na Jumapili za mwisho za mgonjwa aliyezimaliza akisubiri nyuzi zipatikane.