Pweza Akiwa Amekaa Kwake

Ukiwa Birmingham, bahari iko mbali kila upande. Ukielekea kaskazini, mbali. Kusini, mbali. Nadhani waliojenga mji huu walitembea na kamba wakapima, wakahakikisha pwani zote ziwe na haki sawa ya kutukosa. Nami ndiko nilikojaaliwa kuishi, kwenye nyumba za kubanana za Sparkbrook, mtoto wa kusini mwa Unguja niliyezaliwa maji yakigonga ukuta wa choo. Kwa hiyo nikisema kwamba msimu mmoja nilikwenda Devon mara nne kumtafuta pweza, elewa kuwa ni mwendo wa asubuhi nzima kwa gari kwenda, jioni nzima kurudi, na katikati yake dakika arobaini ndani ya maji ya baridi inayoyafanya meno kuhamahama kinywani.

Ukubwani nilisoma masomo ya jioni kwa miaka saba. Nilianza na Kiingereza, nikaingia hesabu, nikamalizia upigaji picha. Cheti changu kimetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila ya kukiona, hata akifumba macho. Katika darasa la picha ndipo nilipokutana na Msomali mmoja aliyekulia Mombasa, mwanamke wa umri wangu, muuguzi, asiyeogopa kitu. Yeye ndiye aliyenitia kwenye kuzamia kwa mitungi ya hewa. Tulijifunza kwenye bwawa la kuogelea, kisha kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji meusi, na huko nilimwona samaki mmoja tu. Naye alikuwa akitafuta njia ya kutoka.

Vazi la maji baridi ni suti nzito isiyopitisha tone. Kofia yake ya mpira inafunika nywele, masikio na nusu ya mashavu. Sijapata kuvaa nguo ya stara kuliko hiyo, na shekhe yeyote angeipitisha. Shida ni kuivaa. Mwenzangu hunivuta shingo, mimi namvuta mikono, watu wanaotembeza mbwa husimama kututazama, na tukimaliza tumechoka kama tumeshahamisha nyumba. Hapo bado hujabeba mtungi na mkanda wa vipande vya madini ya risasi vya kukuzamisha.

Lakini yote hayo nilikuwa nikiyafanya kwa raha yangu, mpaka mama aliponituma.

Mama yangu alichokoa pweza kwa miaka arobaini. Bamvua ikiingia na maji yakipwa sana, wanawake wa kwetu hutoka kwa miguu mpaka mwambani, kila mmoja na chuma chake. Tundu la pweza hulijui kwa kumwona mwenyewe. Unaona makombe na vipande vya kaa vimerundikwa mlangoni, kwa sababu pweza akishakula hutupa taka nje. Unaingiza chuma taratibu, unamchezea, akikikamata unazungusha kiwiko na kuvuta. Anatoka, unamgeuza kichwa, kwisha. Nilianza kumfuata mama nikiwa na miaka sita. Mimi ni wa mkono wa kushoto, na mkono huo ulihitimu kabla sijajua herufi.

Sasa mama anaishi na sisi. Jicho lake moja limekwisha na la pili linafuata. Daktari wa macho alisema katikati ya jicho ndipo panapozimika, pembeni patabaki kidogo, na majira ya baridi yajayo huenda asitambue sura. Nilimfasiria njiani kwenye basi. Vituo vitatu baadaye akaniuliza kama ni kweli ninakozamia kuna pweza. Nikamwambia wapo, miaka hii wameingia pwani ya kusini wengi, wavuvi wa kamba wanalia nao kwa kuliwa kamba zao mitegoni.

"Nimewatoa wengi, mwanangu," akasema. "Hata mmoja sijapata kumwona amekaa kwake. Nikimwona, keshakamata chuma. Nipigie picha mmoja amekaa tu, nimwone macho haya hayajaondoka."

Binti yangu alimfungulia video za pweza kwenye simu, za kila rangi, wengine wakifungua chupa. Bibi yake alitazama mbili akairudisha simu. Alisema hao ni wa televisheni, yeye hawajui, wala hajui nani aliyewaona.

Safari ya kwanza maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Nilinyoosha mkono nikaupoteza. Nilipiga picha za ukungu, zilizopangika vizuri sana, shukrani kwa masomo ya jioni. Safari ya pili bahari ilichafuka kwa upepo, hatukuingia kabisa. Tulikaa garini tukala chipsi, mwenzangu akalala na uma mkononi, tukarudi. Kesho yake alfajiri nilikuwa zamuni, kwenye jiko la hospitali, naosha masufuria makubwa ambayo ungeweza kuzamia ndani yake. Mgongo uliniuma kila mahali mgongo unapoweza kuuma, na pengine pawili zaidi. Nikifika nyumbani mama aliniuliza kwa upole kama nimempata. Nikisema bado, alisema pole. Alisema hivyo tu. Laiti angelalamika kidogo, ningepata pa kukasirikia.

Safari ya tatu maji yalitulia. Nilikuwa na kamera mkono wa kulia, na kushoto kile kijiti cha chuma ambacho wapiga picha wa chini ya maji hukichomeka mchangani kujishikiza wasiyumbe. Tukafuata ukuta wa mawe, na pale chini, baina ya mawe mawili, niliona maganda ya kaa. Yamerundikwa mlangoni, masafi, vilevile kama kwetu. Moyo ulinipiga hadi nikahofia utatoboa suti. Nikainua kamera.

Na mkono wa kushoto ukaingiza kijiti.

Naapa sikuutuma. Uliingiza taratibu, ukachezea, ukakamatwa, ukazungusha kiwiko. Pweza alitoka mzima, mkubwa kama mto wa kulalia, akanitemea wino usoni na kuondoka na kijiti changu. Kidole cha kulia kilibonyeza kamera wakati huohuo. Picha ni wingu jeusi, la kupendeza ukipenda mawingu.

Mwenzangu aliona kila kitu. Tulipotoka majini akatoa kinywani mpira wa kupumulia, akanitazama.

"Dada, ulikuwa wataka picha ama mchuzi?"

Hakusema tena mpaka tulipokaribia Bristol, na hapo alicheka hadi akalazimika kuliegesha gari. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka, na barua ya kliniki ilikuwa imekuja wiki hiyo: jicho la pili lilikuwa likienda kwa haraka kuliko walivyotazamia.

Nilimwonyesha mama lile wingu. Siku hizi hatazami kitu kwa mbele, anageuza uso kama anayesikiliza, akikitafuta kwa ukingo wa jicho. Alilitazama kitambo.

"Umemchokoa."

"Mkono tu, mama."

"Akakamata?"

"Akakamata vizuri."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, nusu sekunde, kama mwalimu. Kisha akasema, "Lakini sikukutuma hivyo."

Safari ya nne sikuitaka. Niseme kweli, nilitamani mvua, nilitamani gari lisiwake, nilitamani hata mafua. Gari liliwaka mara moja, bila haya. Ufukweni mwenzangu hakuniuliza. Aliufunga mkono wangu wa kushoto kwenye mshikio wa kamera kwa ukanda, mizunguko mitatu, kama anayefunga mbuzi, tukaingia.

Tulipata rundo jingine la makombe, mbali na lile la kwanza. Nikalala kifudifudi kwenye changarawe nikangoja. Mkono ulijaribu kwenda mara mbili. Baridi iliingia vidoleni, ikapanda, nikaacha kuwa na miguu. Ndani ya tundu palikuwa na jiwe tu. Baada ya muda mrefu jiwe lile likapumua. Lilikuwa limenitazama tangu nilipofika. Nilipiga picha kumi na moja, na kumi zilitetemeka.

Ile moja niliichapisha kubwa kama sinia. Binti yangu aliitazama, akaniambia kwa Kiingereza, kwa huruma, kwamba nimepiga picha ya jiwe. Mwenzangu, aliyekuwa ubavuni mwangu kule majini, naye alitafuta hadi akaomba nimwonyeshe. Nikamwekea mama mapajani, nikajiandaa kumwelekeza.

Hakuhitaji. Aligeuza uso pembeni, akainamisha picha kwenye mwanga wa dirisha, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye jicho la pweza kikatua hapo.

"Huyu hapa."

"Ndiye."

"Hajalala."

"Hajalala, mama. Alikuwa akinitazama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofika. Dakika ishirini nzima."

Kidole hakikuondoka. "Mimi nilikuwa nikijua wamelala," akasema. "Miaka yote ile nikijua nawakuta usingizini. Ndiyo maana nikienda polepole."

Mimi msema sana, niliyekuwa nimetunga njia nzima maneno ya kumwambia akifurahi, nikamshikia picha ukingo isiteleze.

"Basi waliniona nikija," akasema. "Wote hao."

Binti yangu akasogea, akaegemea bega la bibi yake kutazama, na sasa akaliona jicho.

Nilimuuliza mama niitundike ukuta gani.

"Usiitundike," akasema. "Niache nayo maadam naona."

Nikamwacha nayo. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, nguo zangu bado zinanuka sabuni ya masufuria ya zamuni, nikasinzia palepale. Kila nilipofumbua macho alikuwa bado amegeuza uso dirishani, wanatazamana, yeye na pweza.