Tulivyoenda Ukweni na Jipu Isiyozimwa

Baba mdogo alichagua marafiki kwa mteremko wa viwanja vyao. Nasema hivi bila chuki. Nilimchunguza kwa miaka na sikuona kanuni nyingine. Aliyejenga juu ya kilima alitembelewa kila wiki, hata kama pombe yake ilikuwa chungu. Aliyejenga bondeni, awe mkarimu namna gani, alipungiwa mkono kutoka barabarani. Hata kanisa alihama. Aliacha lile la chini alikobatizwa, akawa anasali la juu, na wazee wa kanisa la chini wanaamini mpaka leo kwamba lilikuwa jambo la imani.

Lilikuwa jambo la demarere. Demarere ni kile kimota kidogo cha umeme kinachoamsha injini, na cha gari yake, jipu kuukuu, kiliungua zamani. Baba mdogo hakuona haja ya kukitengeneza wakati Mungu ameijaza Masisi yetu miteremko, demarere za bure. Kila alipoegesha, pua ya jipu ilitazama bonde, na jiwe likawekwa mbele ya gurudumu. Wakati wa kuondoka jiwe lilitolewa, jipu ikaanza kuteremka yenyewe, yeye akitia gia ya pili na kuachia klachi ghafla. Injini ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi juu ya nguo za majirani zilizoanikwa, ikawaka. Majirani wa Kibabi walijua saa zake za safari na walianua mapema.

Niseme ukweli kuhusu jipu hiyo, maana watu walizoea kuicheka. Ilikuwa imemzidi umri mdogo wangu, na ilitengenezwa na watu waliochukia umeme. Injini yake ilikuwa ya mazutu, yaani dizeli, silinda sita, na pampu yake ilikuwa chuma kitupu. Ikishawaka haikuhitaji betri wala ufunguo. Ungeweza kuing'oa betri ukaenda nayo nyumbani kusikilizia redio, na jipu ingebaki inanguruma pale pale, haina habari. Ufunguo ulikuwa pambo. Ili kuizima ulivuta waya mmoja uliojitokeza chini ya usukani, wenye kishikio cheusi, ukaushikilia mpaka injini inyimwe mazutu na kukata tamaa.

Usukani ulihitaji taarifa mapema: uliuzungusha kidogo, ukangoja, kisha magurudumu yakakubali. Springi zilikuwa mabamba mazito, zikikurusha juu ukaona nyumba za mbali. Lakini kwenye tope la Bihambwe, pale magari mapya yalipowasha vitaa vya njano na kulia kengele, baba mdogo alivuta kile kirungu kifupi kando ya gia tunachokiita kraboti. Magurudumu yote manne yakashika, na jipu ikapanda polepole kama ng'ombe anayerudi zizini. Kuteremka ilikuwa vivyo hivyo: gia ya kwanza, mguu mbali na breki, na injini yenyewe ikashikilia uzito wote. Hilo lilikuwa jema, kwa sababu breki zilikuwa za kushoto tu.

Basi mdogo wangu akataka kuoa.

Msichana alikuwa mwalimu, wa upande wa Walikale, nje kidogo ya Hombo. Walijuana Goma walipokuwa wanasoma. Baba yake alikuwa amekwisha kurudisha jumbe za familia mbili, na hakuwa na tabia ya kupokea ujumbe uleule mara ya pili. Tungeongea mara moja, basi. Msichana alimtahadharisha mdogo wangu kwa simu, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Papa haogope masikini," alisema. "Anaogopa bongo."

Bongo, kwetu, ni uongo. Mdogo wangu alilirudia neno hilo njia nzima kama mtu anayekariri katekisimu. Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, alimwambia atulie.

"Mutoto, bongo na akili inatoka mu kichwa moja. Uniachie."

Tulipakia fromaji, jibini la kwetu, viazi na maharagwe, tukasafiri siku mbili. Usiku wa kwanza tulilala mahali penye mteremko mzuri, na baba mdogo alilala vizuri zaidi ya wote. Siku ya pili tulishuka msituni. Joto likapanda, migomba ikawa mirefu, na mimi nikaanza kuona jambo ambalo hakuna aliyetaka kulitaja.

"Milima inaisha," nikasema.

"Itarudia," alijibu baba mdogo.

Haikurudia. Hilo ndilo kosa letu, na nadhani ni watu wa kilimani tu wanaoweza kulifanya. Tulihesabu tope, mito, vizuizi na mazutu. Hakuna aliyehesabu kwamba kuna binadamu wanaojenga mahali palipolala. Kiwanja cha wakwe kilikuwa kimefagiliwa, kipana, na kimenyooka kama sinia. Baba mdogo alikizunguka mara mbili akitafuta hata mwinuko wa kichuguu. Kisha akasimama katikati, akaweka gia huru, akashuka, na injini akaiacha inanguruma.

Walitoka kutupokea: baba wa msichana, mtu mfupi mwenye koti la kijivu, mwindaji na mkulima, mama wa msichana, na shangazi mmoja mwenye macho makali. Tulisalimiana kwa kupaza sauti. Tukapewa viti. Baba wa msichana akakaa, akakunja mikono, akatazama jipu. Akaendelea kuitazama.

"Papa, iko inapoa kidogo," baba mdogo alisema.

"Ipoe."

Tulikaa. Kahawa ikaja, ikaisha. Vikombe vilitetemeka juu ya meza kwa mngurumo. Shangazi akamwinamia mama wa msichana kama wa kunong'ona, lakini kwa sauti ya kushindana na silinda sita.

"Hawa watu wamefika kuposa ao wamefika kuiba? Nani anaachaka motere inawaka, kama si mwizi?"

Baba wa msichana alisema polepole: "Motere ikisema, mimi sisemake. Uzime, tuongee."

Hapo ndipo ukweli ulipaswa kusemwa, nao ulikuwa na maneno matano tu. Nilimwona mdogo wangu akifungua kinywa. Baba mdogo akamwahi.

"Papa, kwetu Masisi hii njo desturi," alisema, na uso wake ukawa mtakatifu. "Tukienda kwa wakwe, motere haizimwe mupaka watukubalie. Inakuwa kama moyo ya kijana. Mukiikubali, njo tunaizimisha. Wakubwa yetu walitufundisha vile."

Niliangalia viatu vyangu. Wakubwa zetu walitembea kwa miguu maisha yao yote.

Baba wa msichana alionekana kuvutiwa sana. Alikuwa mtu wa mila mwenyewe. Watu walimwita kusimamia mambo ya zamani yanayosimamiwa msituni.

"Desturi muzuri," alisema. "Na mazutu ikiisha?"

"Inakuwa alama mbaya."

"Na zamani, mbele ya motere kufika?"

Baba mdogo alifikiri kwa muda mfupi mno. "Ngoma, Papa. Walikuwa wanapiga ngoma."

"Bila kupumuzika?"

"Kwa zamu."

Yule mzee aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akainuka, akatembea hadi kwenye jipu bila haraka, akaingiza mkono dirishani. Hakutafuta. Mkono ulikwenda moja kwa moja chini ya usukani, ukashika kishikio cheusi, ukavuta, ukangoja. Injini ikatetemeka, ikanyamaza. Nilisikia ndege kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Nilikuwaka shofere wa kamyo miaka kumi na mbili, barabara ya Kisangani," alisema akirudi kitini. "Demarere yangu pia ilikufa. Lakini mimi sikuizalia desturi."

Shangazi alicheka mpaka akashika nguzo. Mzee hakucheka. Alisema hawezi kutoa binti kwa watu wanaotunga mila mbele ya mlango wake. Kwamba anatushukuru kwa fromaji. Na kwamba tunaweza kwenda kwa amani.

Tulisimama. Tukaagana. Tukapanda ndani ya jipu kwa huzuni ya kweli, tukafunga milango, tukakaa.

Hatukwenda popote, bila shaka.

Tulitoka tukasukuma, mimi na mdogo wangu, tukaisogeza hatua chache, jasho likatuingia machoni. Majirani watatu walisaidia. Injini nzito ya mazutu haiamki kwa huruma. Inataka kasi, na kiwanja kiliisha kabla ya kasi kuja. Baada ya jaribio la nne jipu ilikuwa imetazama jiko la mama mkwe, na mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Tumewakatalia," shangazi alitangaza, "na wamekatala kukatalika."

Sasa mgeni hafukuzwi, na aliyeshindwa kuondoka bado ni mgeni. Walitupikia sombe ya majani ya muhogo na samaki, wakatupa mikeka. Baba wa msichana alikula nasi kama mtu aliyenaswa na mtego wake.

Asubuhi mdogo wangu aliamka kabla yetu. Nilimsikia nje akiongea na mzee karibu na jipu, nikatoka, nikasimama pembeni. Hakuomba msamaha kwa maneno makubwa. Alianza mbele akaenda nyuma, akigusa kila kitu.

"Papa, demarere imekufa, hiyo unajua. Betri pia imekufa, tunaitembeza tu. Breki, ya kushoto njo inashika. Taa ya huku, ni kioo tu, ndani hamuna kitu. Kifuniko ya mazutu ni kitambaa ya mama. Usukani inachelewa."

"Na kraboti?"

"Kraboti iko muzima sana. Pampu pia."

"Hmm." Mzee alipiga teke gurudumu taratibu. "Na wewe?"

"Mimi nini, Papa?"

"Umenisemea gari. Sema na yako."

Mdogo wangu alinitazama. Sikumsaidia. "Mutihani ya diplome, niliangukaka mara moja. Nakoroma. Kazi niko nayo nusu siku. Na jana nilijua baba mudogo anadanganya, nikanyamaza."

"Hiyo ya mwisho njo nilikuwa nangojea," mzee alisema.

Akaita majirani. Walikuja na kamba nene ya nyavu zao za kuwindia. Alitwambia tuweke jeki, tuinue gurudumu moja la nyuma, na mawe yashike yale mengine. Akatia gia ya nne mwenyewe. Kamba ikazungushwa kwenye tairi lililo hewani, kama uzi kwenye pia, na wanaume wanane wakashika ncha. Baba mdogo aliketi kwenye usukani, mpole kuliko nilivyowahi kumwona, mguu juu ya klachi.

Walivuta kwa mwito mmoja, wakaanguka kwa matako. Mara ya pili jipu ilikohoa. Mara ya tatu ikatupa moshi mweusi uliofunika jiko lote, na gurudumu likazunguka peke yake hewani. Shangazi alipiga vigelegele, kisha akakumbuka yuko upande gani, akaacha.

Hakuna aliyethubutu kuuliza. Tulishusha jeki, tukaaga mara ya pili. Mzee alikuwa ameingia ndani. Alitoka na koti la kijivu limepigwa brashi, akanitoa mimi kwenye kiti cha mbele, akapanda.

"Munifikishe Hombo," alisema. "Niko na kazi kule."

Mtu hapandi mbele ya gari la watu aliowakataa, saa za soko, dirisha likiwa wazi. Mdogo wangu alinifinya mkono mpaka ukafa ganzi. Tulipita Hombo mwendo wa kuhesabu vibanda, mzee akisalimia kushoto na kulia. Pale mzee alipotaka kushuka, baba mdogo alisimama katikati ya wauza mafuta ya mawese, injini ikinguruma, moshi ukiwafunika. Mama mmoja akaanza kupiga kelele tuzime, tunamharibia mali.

Mzee alishuka bila haraka na kuuegemea mlango.

"Mama, uwaache," alisema. "Hawa njo wakwe yangu. Wakizima, nitawalisha tena."