Nilimdanganya Mama kwamba nimefanya mtihani wa Kimarekani, kumbe cheti cha form six kilitosha

Wakuu, heshima zenu. Leo nakuja kukiri. Yote ni ya kweli, majina tu nimebadilisha, maana Kariakoo nzima inasoma humu.

Mimi niiteni Shabani. Wazazi ni watu wa Masasi, ila nimekulia dukani kwa Mama, jirani na Msimbazi. Tunauza vifungo, zipu na nyuzi.

Nilipomaliza form six, mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hesabu), nikapata division one. Nikaota chuo Marekani. Nikamwambia Mama kuna mtihani wao wa hesabu na Kiingereza, bila huo hawakuangalii.

"Basi dukani usije," akasema. "Soma."

Kama hujawahi kushinda dukani ukimtafutia fundi cherehani kifungo kinachofanana na kile kilichopotea, huwezi kujua nilipewa zawadi gani.

Mwezi wa kwanza nilisoma kweli. Mwezi wa pili, nikiwa kwenye tovuti ya chuo, chini kabisa ambako watu hawafiki, nikakuta maelezo: mwombaji wa nje anaweza kuleta matokeo ya mtihani wa taifa wa nchi yake badala ya ule mtihani wao. Nikaandika email kuuliza kama form six ya Tanzania imo.

Wakajibu: imo. Mradi matokeo yatumwe moja kwa moja na wanaosimamia mtihani huo.

Hapo mtu mwenye akili anamwambia mama yake.

Mimi nikatuma maombi kimya kimya, nikaendelea "kusoma". Yaani naamka saa nne, natoka na kitabu kwapani, nashinda Jangwani naangalia mpira wa mchangani. Sijawahi kuwa na amani kama ile.

Shida ni kwamba siku ya mtihani ilifika.

Mama alinichemshia mayai mawili, akaniombea dua mlangoni. Ningeanzia wapi kusema? Nikaenda Feri, nikala pweza, nikaangalia mnada wa samaki mpaka saa saba mchana, nikarudi na sura ya mtu aliyechoka kufikiri.

Wiki mbili baadaye akataka matokeo.

"Elfu moja mia nne na themanini," nikasema.

"Kati ya ngapi?"

"Elfu moja na mia sita."

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na ile namba. Muuza mazulia wa kona akawa ananipigia saluti.

Sasa, jirani yetu anauza mashuka. Tunamwita Mama Zuhura. Binti yake alikuwa na division one kama mimi, na yeye anaomba vyuo vya nje. Siku moja Mama Zuhura akaja.

"Shabani baba, mfundishe mwenzio. Wewe umeshapita njia hiyo."

Mama yangu akajibu kabla sijafungua mdomo. "Atamfundisha. Aanze leo."

Wakuu, kwa wiki tatu nilifundisha mtihani ambao sijawahi kuuona. Nikamkaririsha yule binti maneno ya Kiingereza ambayo nadhani hata Wamarekani wenyewe wanayaogopa. Nikishindwa swali nasema, "Hili nalo fanya nyumbani."

Zuhura mpole, ila macho yake hayalali. Siku moja akauliza, "Kaka Shabani, kikokotoo mliruhusiwa kuingia nacho?"

"Thubutu! Wanakupekua mpaka soksi."

Akafunga daftari. "Maelekezo yao nimesoma jana. Kinaruhusiwa. Siku ile ulikuwa wapi?"

Nilijaribu kucheka, kicheko kikagoma. Nikamweleza yote, mpaka pweza.

Nilitegemea atacheka. Macho yakamjaa machozi.

"Mimi silali kwa huu mtihani. Kumbe cheti nilicho nacho kabatini kinaweza kutosha, na wewe unajua?"

Pale ndipo nilipojiona mjinga. Utani wangu ulikuwa unakula muda wa mtu, na maombi ya chuo chake yanafungwa baada ya siku tisa.

Tukafungua tovuti ya chuo chake palepale. Maelezo ni yale yale, ila wao wanataka ufaulu wa juu wa hesabu. Anao. Kesho yake tukaenda baraza la mitihani kuomba matokeo yake yatumwe. Yalifika zikiwa zimebaki siku mbili.

Sharti lake lilikuwa moja tu. "Mama atauliza kwa nini nimeacha masomo. Utamjibu wewe. Na mama yako awepo."

Nikakiri dukani, mbele ya mama wote wawili na fundi mmoja aliyekuja kununua zipu, ambaye aligoma kabisa kuondoka.

Mama aliiweka zipu ya fundi mezani. Halafu akauliza taratibu, "Hiyo elfu moja mia nne na themanini uliitoa wapi?"

"Kichwani, Mama."

"Basi uirudishe. Kila duka nililowaambia, nenda ukawaambie ni uongo."

Maduka kumi na moja, wakuu. Muuza mazulia alinisikiliza, akaniita mpuuzi, halafu akasema, "Hebu niandikie hiyo tovuti, nina binti form six." Wa duka la pili naye akataka. Nikamaliza mtaa nimetukanwa vizuri, na mfukoni nina namba za wazazi saba.

Mwisho wake: Zuhura alichukuliwa, na ufadhili juu. Mimi nilikubaliwa bila ufadhili, ambayo kwa duka la vifungo ni sawa na kukataliwa kwa adabu. Nasoma chuo hapa hapa Bongo, na sijutii.

Siku Zuhura anaondoka, Mama alimkumbatia muda mrefu, akanigeukia. "Mmesoma ukurasa mmoja. Mwenzio kausoma ili aende, wewe ukausoma ili ulale."

Mnaoomba vyuo vya nje, someni masharti mpaka mstari wa mwisho, mkiona utata waandikieni wenyewe. Na ukipata njia, mwonyeshe mwenzio mapema.

Uwanja ni wenu. Aliyewahi kumtungia mzazi matokeo aje akiri, Mama yangu hayumo humu.

Nadhani.