Kinamasi Nilichokiandikia Sifuri

Mimi ndiye niliyeandika sifuri. Naanza hapo kwa sababu watu wa Witeithie, kijiji lilipo shamba lenyewe, wamenisimulia kisa hiki usoni mwangu mara nyingi, kila mmoja akiongeza chumvi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuupunguza ujinga wangu.

Jina langu ni Maluki. Nina ofisi Ruiru, juu ya duka la dawa, na kazi yangu ni kuthamini ardhi. Mwaka jana aliniita Gachanja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Baba yao alikuwa amefariki miaka mingi nyuma na kuwaachia shamba yeye na dada yake mkubwa, Waithira. Sheria inasema binti naye arithi, na Gachanja aliitii sheria jinsi wengi wetu tunavyoitii: alijipa ekari tatu za juu, kavu, karibu na barabara, na dada akapewa ekari moja na nusu kule chini kwenye maji na mafunjo. Sasa kampuni ya nyumba ilitaka shamba zima, kinamasi kijazwe kifusi. Hati ya shamba ilikuwa bado na jina la marehemu, kwa hiyo bila sahihi ya wote wawili hakuna kuuza. Gachanja alitaka ripoti ya kumwonyesha dada yake kwamba sehemu yake si kitu, ili apokee chochote atakachopewa na anyamaze.

Nilikitazama kinamasi nikiwa juu ya mteremko, viatu vyangu vikiwa safi. Hakuna nyumba, hakuna njia, hakuna miti ya mbao. Nikaandika: haitumiki, thamani sifuri.

Siku tatu baadaye mwanamke wa miaka kama sitini alipanda ngazi za ofisi yangu akiwa na gunia mgongoni. Alilitua juu ya meza, juu ya karatasi zangu, na nduma mbili, yale majimbi ya kinamasini, zikabiringika hadi mapajani mwangu.

"Wewe ndio Maluki?"

"Ndio, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Umeandika haitumiki. Hizi zimetoka wapi, supamaketi? Nimesomesha watoto watatu na hiyo kitu haitumiki. Jumamosi Gachanja anataka niweke sahihi. Kuja uone kwanza, alafu uandike sifuri yako tena kama utaweza."

Nilikasirika. Mtu hapendi kufundishwa kazi yake na gunia. Lakini nilienda, na nadhani nilienda kwa sababu nilijua sikuwa nimeteremka kule chini.

Mvua ilikuwa imenyesha. Upande wa juu, kijito kilikuwa kinaingia kwenye kinamasi kikiwa na udongo wa viwanja vipya vinavyochimbwa, chekundu kabisa. Waithira, ambaye kwao huitwa Mama Kui, alitoa kikombe cheupe cha bati, akatia shilingi ndani, akachota. Shilingi haikuonekana. Akanipitisha kwenye mifereji ya nduma, matope yakinifika kwenye magoti, mpaka upande wa chini maji yanakotiririka nje. Akachota tena. Nilisoma mwaka ulioandikwa kwenye ile shilingi.

"Sisi watu wa nduma tunapima hivi," alisema. "Shilingi ikipotea huku chini, mfereji umeziba, unaingia unafungua. Kila asubuhi."

Kisha akanionyesha visiki vilivyochomoza kando ya chemchemi iliyo katikati ya kinamasi, na sauti yake ikashuka. Mwaka wa 2012 kila mtu alikuwa anapanda mikaratusi, kwa sababu nguzo za stima zilikuwa na soko. Naye alipanda mia tatu, akaizungushia chemchemi. Mikaratusi ilinawiri kwa kunywa maji. Kufikia 2016 kinamasi kilikuwa kimekauka, nduma zimekufa, na chemchemi ikawa shimo la vumbi. Alivumilia miaka mitatu akisubiri nguzo zikomae, halafu akaikata yote kabla ya wakati. Mkaratusi ukikatwa huchipua, kwa hiyo alianza kung'oa visiki kwa jembe na shoka, kimoja kimoja. Maji yalirudi. Vilibaki visiki kumi na moja.

"Haya maji yanaenda wapi?" nilimuuliza.

"Kwa kiwanda ya Yogesh, ile ya kutia nyuzi rangi."

Kesho yake nilikuwa Eneo la Viwanda, Thika. Yogesh, mwenye kiwanda, ni mtu wa kuandika kila kitu. Alinifungulia daftari la kichungi chake cha maji, ambacho mchanga wake hubadilishwa ukijaa tope. Kwa kawaida ulibadilishwa mara moja kwa mwezi. Mwaka wa 2016, 2017 na 2018, kila wiki.

"Hiyo miaka ilitumaliza," Yogesh alisema. "Tulidhani ni machimbo ya mawe. Alafu ikaisha tu. Sijawahi jua kwa nini."

Mimi nilijua: kinamasi kilipokauka, hakuna kilichochuja tope la kijito kabla halijafika kiwandani. Niliona aibu iliyonichoma masikio. Kipimo cha faida ya kinamasi, nilichotakiwa kukitafuta, kilikuwa pale, kimeandikwa wiki baada ya wiki, na kilichokiandika ni kosa la Mama Kui.

Nilimweleza jioni hiyo hiyo. Nilimwambia pia kwamba nikiandika, ndugu yake na kila mtu watasoma kwamba yeye ndiye aliyekausha maji.

"Andika," alisema. "Andika ni Waithira. Usifiche."

Jumamosi tulikaa uani kwa Gachanja, wakala wa kampuni akiwa na kalamu tayari. Nilisoma ripoti mpya, na barua ya Yogesh kwamba yuko tayari kulipa kila mwaka ili kinamasi kitunzwe. Nilipotaja thamani, Gachanja aliweka kikombe chini.

"Haiya! Basi tugawe upya," alisema. "Swampu ni ya baba. Mimi nataka nusu."

"Ulinipa mbele ya watu," Mama Kui alisema. "Lakini sawa. Sahihi ya kuuza siweki, leo wala kesho. Wewe ukitaka nusu, twende nikuonyeshe."

Tuliteremka wote. Alichukua jembe, akamnyooshea. "Kuna visiki kumi na moja. Nusu yako inaanzia hapo. Toa viatu, Gachanja."

Gachanja alitazama matope, akatazama simu yake, akasema dukani wanamngoja. Wakala alikuwa ameshaondoka. Jembe lilibaki mkononi mwa Mama Kui. Akanigeukia.

"Na wewe, Bwana Sifuri?"

Nilivua viatu. Kisiki cha kwanza hakikutoka mpaka saa kumi.