Aliyenitangulia Kupanda Towelo

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila mimi kocha wako ninapokuona ukifunga kamba za njumu zako kwa haraka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imeachiwa huru, maduka yanajaa vitu na viwanda vya Morogoro vinafungwa kimoja kimoja. Timu ya mpira wa magongo ya wasichana wa kiwanda, niliyoichezea, ilikuwa imebaki jina tu. Lakini katika timu ile nilichaguliwa mimi peke yangu kwenda Nairobi na timu ya taifa ya vijana. Sijisifu bure. Kutoka Msamvu hadi Mzumbe hakukuwa na msichana wa kuninyang'anya mpira nikishaugusa, na njumu zangu nilizinunua mwenyewe mitumbani, kwa maandazi niliyouza.

Basi la timu lilikuwa liondoke Msamvu saa nane mchana. Asubuhi mama akaniambia nipande kwanza mlimani, kijijini Towelo, nikamuage mjomba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye anayekuombea njia kabla hujavuka mpaka. Mimi nilikuwa nimepanga kutuma salamu kupitia akina mama wa huko wanaoshusha mboga sokoni. Mama hakubishana nami. Alilifunga gongo langu kwenye kanga, akaliegemeza mlangoni, akaendelea kufagia. Nikavaa kandambili, njumu nikazitia kwenye mkoba, gongo nikalitia kwapani, nikaondoka.

Ukungu ulikuwa umeshuka chini kuliko kawaida. Katikati ya njia nikakutana na wanawake wawili wakishuka na matenga ya ndizi kichwani.

"Shikamooni."

"Marahaba," akajibu wa mbele, kisha akasimama. "We mwana, umerudi chini saa ngapi? Si tumepishana nawe hapo juu sasa hivi?"

"Mimi?"

"Nani mwingine mwenye gongo lililopinda? Tena salamu hukutoa. Kuchaguliwa tu, shingo hiyo!"

Mwenzake akacheka. Nikacheka pia, nikidhani ni utani wa njiani. Mbele kidogo mzee mmoja alikuwa akipalilia kabichi zake. Nilipomwamkia alinyoosha mgongo.

"Afadhali umerudi kunisalimia, mjukuu wangu," akasema. "Muda ule ulinipita kama sipo."

Hapo sikucheka. Nikatazama chini. Kwenye tope kulikuwa na alama za njumu zikipanda. Njumu yangu ya kulia ilikuwa imepoteza jino moja la kisigino, na kila alama ya mguu wa kulia ilikuwa na pengo pale pale. Nikafungua mkoba. Njumu zilikuwemo, kavu.

Nilipofika kwa mjomba, mkewe alikuwa akitoka ndani na kikombe mkononi. "Uji umepoa na hujaugusa," alikuwa akisema, halafu akaniona nikitokea njiani. Kikombe kikamtoka.

Mjomba alikuwa barazani akichambua maharage. Hakushtuka. "Kaa, mama," akaniambia. Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Nani kakutuma?"

"Mama."

"Wewe mwenyewe ulitaka kuja?"

"Mjomba, basi linaondoka saa nane. Kuna msichana wa Dumila, mchezaji wa akiba, yuko stendi na begi lake. Nikichelewa anapanda yeye."

"Nimekuuliza kama ulitaka kuja."

Nikauvuta mkoba wa njumu karibu yangu.

"Basi huyo aliyekutangulia ndiye aliyekuja kuaga," akasema. "Wewe umekuja kuonekana. Yeye amekwenda makaburini, anakungoja. Ukishuka bila kumchukua utafika Nairobi, utafika hata Ulaya, lakini watakaokuona huko watakuwa wanaona nguo zinatembea."

Nilitazama bondeni. Mji haukuonekana. Nilijua kwamba kupanda makaburini kungenimalizia muda wote. Ndipo kutoka juu, ndani ya ukungu, nikasikia mlio ninaoujua kuliko sauti yangu: gongo likigonga mpira taratibu, kama mtu anayejipotezea muda akimsubiri mwenzake. Ko. Ko. Ko. Nikasimama. Mjomba akachukua kibuyu cha maji, akaongoza.

Mlio ulikatika tulipofika. Alama za njumu zilikwenda mpaka kwenye kaburi la yule niliyerithi jina lake, zikaishia hapo. Alama za kuondoka hazikuwepo. Kando ya kaburi majani yalikuwa yamelala, kama pamekaliwa. Mjomba akamwaga maji, akataja jina langu, akaniambia niketi palepale. Nikaketi. Majani yalikuwa na joto.

Nilifika Msamvu basi limeondoka, na yule msichana wa Dumila ndani yake. Nililia mbele za watu, mimi ambaye uwanjani sijawahi kulia. Baadaye nikaja kujua kwamba yeye alikuwa amekwenda kuaga kwao tangu siku iliyotangulia. Alicheza vizuri, namsifu.

Mwaka uliofuata nilichaguliwa tena, na hakuna aliyenitoa. Nimeichezea nchi hii, nimesoma ughaibuni, stashahada yangu ya ukocha iko kwenye fremu pale sebuleni, na nyumba hii nimeijenga bila kubebwa na mtu. Wengi niliosoma nao kule hawakurudi, na ukiongea nao kwenye simu unasikia kama wako chumba kingine. Mimi niliondoka mtu kamili na nimerudi mtu kamili.

Sasa wewe. Unaondoka Jumamosi na timu, na juzi uliniambia bibi yako wa Matombo, mzaa mama yako, utampigia simu ukishafika. Mimi si mtu wa kuamini kila kinachosemwa milimani, nimesoma. Lakini leo asubuhi bibi yako amenipigia kuniuliza kama amekukosea. Anasema umesimama uani kwake na gongo lako, akakukaribisha, hukumjibu. Saa hiyo, mwanangu, ulikuwa uwanjani mbele ya macho yangu, unakimbia.

Mazoezi ya kesho nimekufutia. Nenda Matombo leo. Usitume salamu, usipige simu. Nenda kwa miguu yako, mwamkie kila utakayemkuta njiani, keti pale utakapoonyeshwa na usiinuke mpaka uambiwe. Kipaji unacho, nimekifundisha mimi. Lakini nafasi kwenye timu unaweza kuipata tena, kama nilivyoipata. Wewe mwenyewe ukijiacha nyuma, hakuna kocha wa kukurudisha.

Mungu akufungulie njia. Wazee wa mama yako wakae nyuma yako kwa wema, gongo lako lisikose mpira, na popote watakapokuona, wawe wamekuona wewe.