Walisema ni Udi

Kwetu mimi ndiye ninayezima. Watu wakitaka kulala nakagua mtungi wa gesi, nachomoa pasi, nachomoa chaja za simu, hata za wageni, na nyumba nzima imenichoka. Mama huniita Zimamoto. Mdogo wangu, ambaye tumezaliwa tumbo moja lakini nimempita kwa miaka mingi, alikuwa akinitania kwamba siku nikifa nitaamka sandani kuuliza kama jiko limezimwa. Sioni haya. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na cherehani imenifundisha mambo ya moto ambayo wanaonicheka hawayajui. Kila kitambaa kipya nakichoma uzi mmoja kwa kiberiti kabla sijakikata. Pamba huwa jivu. Vitambaa vinavyong'aa, vile wanavyovipenda maharusi siku hizi, haviwi jivu. Vinayeyuka na kuganda, na mwenye kuvivaa hana la kufanya.

Gauni la harusi la mdogo wangu lilikuwa la kitambaa hicho. Nilimbembeleza achukue kingine, akasema anataka kung'aa kwenye picha, na gauni ni lake, si langu. Nikamshonea, huku moyo hautaki.

Mchumba wake alikuwa dereva wa hoteli moja kubwa ya Kiwengwa. Mwenye hoteli alikuwa ameleta kwa meli gari ya mbio, ya rangi ya chungwa, fupi kiasi kwamba mtu mzima huichungulia kwa kuinama. Haikuwa na pa kwenda. Ilikaa chini ya banda mbele ya hoteli ili wageni wapige picha ubavuni mwake, na kazi ya shemeji yangu ilikuwa kuiosha na kuiwasha mara kwa mara isije ikalala. Aliposema anaoa, mwenye hoteli akamwambia aichukue siku moja, ampakie mkewe. Ilikuwa heshima kubwa, na habari ilienea kwetu Jang'ombe kabla hata kadi za mwaliko hazijachapwa.

Mimi hofu iliniingia siku hiyohiyo. Kwanza, gari ina viti viwili tu. Kwetu biharusi hatoki peke yake. Somo wake, yule mama mtu mzima aliyemfunda, hukaa naye ubavuni mpaka wanafika. Humu somo hana pa kukaa. Pili, nilifanya kosa la kuitafuta gari ile kwenye simu. Niliziona ndugu zake zikiwaka, moja kando ya barabara kuu ya nchi ya baridi, nyingine mbele ya kituo cha mafuta, nyingine kwenye maegesho, hakuna hata aliyeigusa. Chini ya picha watu walikuwa wakibishana. Kampuni inayozitengeneza ilisema gari zake ni salama, wenye magari ndio wanaozichokonoa au kuzingurumisha zikiwa zimesimama. Wengine wakajibu kwamba gari isiyotaka kungurumishwa isitengenezwe na mngurumo.

Nikamwonesha mama. Akasema gari za maskini zinaungua pia, ila hakuna anayezipiga picha. Nikamwonesha shemeji, akacheka kwa adabu.

"Dada, hiyo chumvi ya mitandao," aliniambia. "Kampuni kama ile inaogopa kuharibu jina lake kuliko wewe unavyoogopa moto."

Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Nilijiambia wenye majina makubwa wanaogopa aibu, basi watakuwa wamehakikisha. Usingizi lakini haukuja.

Siku yenyewe tulimfukiza mdogo wangu udi mpaka kichochoro kizima kikajua. Tulifukiza gauni, tukafukiza shela, tukamkalisha kwenye kigoda na chetezo chini yake, moshi ukapanda na kutokea shingoni. Alipokuwa tayari nilichukua chetezo mwenyewe, nikayamwagia makaa maji, nikakiweka dirishani jikoni. Shangazi mmoja alinicheka kwamba nazima hata baraka. Nilikisikia chetezo kikilia chaa, na ndipo nikatoka nje.

Shemeji alikuja na watu wake kutoka kwao Kiembe Samaki. Mlango wa ile gari ulifunguka kwa kupanda juu, wanawake wakapiga vigelegele kama wameona muujiza. Mdogo wangu akaingizwa, kitako chini, miguu mbele, shela likakunjwa juu ya mapaja, uso umeinama. Mlango ukashuka. Kioo kilikuwa cheusi, sikumwona tena.

Mbele ilitangulia beni, matarumbeta na madumu, na wanawake wakicheza njia nzima. Yaani gari iliyotengenezwa kupita upepo ikalazimishwa kutembea nyuma ya watu wanaokata kiuno. Jua lilikuwa bado kali. Kila vigelegele vikipanda, shemeji alikanyaga mafuta, gari ikanguruma, wanawake wakajibu kwa vigelegele zaidi, naye akakanyaga tena. Mimi nilikuwa kwenye gari ya pili na mama na somo. Nilikuwa nikitazama kisogo cha gari ile, maana injini yake iko nyuma, mgongoni kabisa mwa waliokaa, chini ya vipande vya chuma vilivyopangwa kama shata za dirisha. Katikati ya vipande hivyo ukaanza kutoka moshi mwembamba mweupe.

Somo alisema gauni limekunywa udi kwelikweli. Wanawake waliokuwa wakitembea ubavuni wakaanza kunusa na kusifu, na mmoja, Mungu ananiona, alikuwa akiupepea ule moshi uje kwenye buibui lake. Mama alikuwa ametoa mkono dirishani anapiga video.

"Udi wa mwanangu huo," akasema, sauti imejaa furaha. "Mashaallah, udi huo."

Pua yangu ilikataa. Udi una utamu. Huu ulikuwa mchungu, unakwaruza koo, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni.

"Mama, huu si udi. Plastiki hii."

"Zimamoto, leo tupumzishe."

Nikafungua mlango gari yetu ikiwa bado inakwenda, nikaruka. Nilipiga kelele za moto, lakini ungepiga kelele gani ukashinda matarumbeta? Nilipoifikia gari ya maharusi joto lilinipiga miguuni. Chini yake palikuwa panadondoka matone, na kila tone lilikuwa linawaka kabla ya kugusa lami. Halafu vile vipande vya chuma vikatoa ulimi wa moto, na vigelegele vikageuka mayowe kwa koo zilezile.

Mlango wa dereva ulipanda. Shemeji akatoka. Mlango wa mdogo wangu haukupanda.

Nitasema kilichonipata. Miguu iligoma. Nilisimama hatua chache kutoka kwake na sikuweza kusogea, na kichwani mwangu hakukuwa na dua wala jina lake, kulikuwa na uzi ule wa kitambaa nilioushika kwenye kiberiti, unavyojikunja. Shemeji alizunguka mbele, akaupapasa mlango, hauna kitasa cha kushika kama milango ya watu, na umeme wa gari ulikuwa umeshakatika. Akaupiga kwa viganja. Akaupiga kwa goti. Kisha akarudi upande wake, akaingia kichwa mbele kwenye gari inayowaka, na kwa muda ambao sitaki kuukadiria nikawa siwaoni wote wawili.

Alitoka kinyumenyume akimburura kwa makwapa. Gauni lilinasa ndani. Mshono wangu, ninaojisifia kote mjini kwamba haufumuki, ulifumuka kiunoni, na mdogo wangu akatoka. Shela lilibaki kitini. Nililiona likiyeyuka.

Gari ya zimamoto ilipofika palikuwa pamebaki mifupa ya chuma na watu waliosimama na simu. Mdogo wangu alikuwa ameungua mgongoni, chini ya bega, mahali pa ukubwa wa kiganja. Daktari alisema ni bahati. Hata leo nikisikia gari inanguruma mbele ya nyumba nasimama.

Video ya mama ilikuwa imeshatumwa kwa jamaa, na jamaa wakawatumia jamaa. Kabla jeraha halijapata ganda ilikuwa imeonekana nchi ambazo hatuzijui hata kwa jina. Watoto wa mtaani waliipa gari ile jina la Chetezo, na jina lilishika. Watu wanaoijua kampuni tangu utotoni, waliokuwa wakibandika picha zake ukutani, sasa wakiona moja kwenye televisheni walisema, Chetezo hicho kinapita. Nilicheka nilipolisikia mara ya kwanza, kisha nikaogopa, kwa sababu jina la kejeli haliishii kwa aliyekusudiwa. Kule Kiembe Samaki walianza kuuliza kama biharusi hakupakata chetezo chenye makaa. Kutoka hapo wakafika kwenye neno lenyewe, kwamba ana kisirani. Mke aliyeingia na moto. Mdogo wangu alikuwa bado kwetu akiuguza mgongo, hajalala hata usiku mmoja kwa mumewe, na nilianza kuogopa kwamba hatapelekwa tena.

Ndipo kampuni ikamtuma mjumbe. Alikuja na meneja wa hoteli, wakakaa kwenye baraza yetu ya ndani, mgeni mwembamba mwenye adabu, shati limelowa jasho. Kiswahili hakujua isipokuwa neno moja, udi. Alikuwa ameisikiliza video ya mama mara nyingi na kuna mtu alikuwa amemfasiria. Kupitia kwa meneja alitupa pole, akauliza hali ya mgonjwa, tena nadhani alitaka kujua kweli. Kisha akaeleza. Moto mwingine ulikuwa umetokea kwingine, watu walioagiza magari wameanza kusitasita, jina lililojengwa na mababu linachekwa. Yeye naye alikuwa mwoga, nilimtambua, waoga tunajuana. Alichotaka ni kwamba sisi wenyewe, kwa vinywa vyetu, tuseme chetezo kilikuwa ndani ya gari. Si kosa la mtu, alisema, ni mila tu. Meneja alifasiri huku akimtazama shemeji yangu, si sisi.

Nilisema chetezo nilikizima mwenyewe na kukiweka dirishani. Meneja akaniambia mimi sikuwa ndani ya gari. Aliyekuwemo ni dereva, na dereva ni mtu wa hoteli. Akamgeukia shemeji na kumwuliza chetezo kilikuwa wapi.

Shemeji alitazama mkeka. Viganja vyake vilikuwa bado vimefungwa bendeji.

"Labda kilikuwemo," alisema. "Sikumbuki vizuri."

Neno hilo likitoka nje ya mlango wetu, basi mdogo wangu ndiye aliyeichoma gari, na Kiembe Samaki watakuwa na ushahidi wa kisirani chao, umetoka kwa mume mwenyewe. Nilimtazama mama. Mama alikuwa amejifunika nusu uso. Sauti iliyokuwa kwenye simu ya mgeni ni yake, na tangu ile siku alikuwa hataki kushika simu.

Mdogo wangu alikuwa amekaa ubavu ubavu ili mgongo usiguse kitu. Akasema anataka kusema. Somo, aliyekuwa jirani yake, akamwekea mkono gotini kumtuliza. Akauondoa ule mkono taratibu, akaurudisha kwa mwenyewe.

"Hakikuwemo," alisema. "Ningepakata chetezo ningeungua mapaja. Mie nimeungua mgongo."

Mgeni aliuliza alianza kusikia joto wakati gani.

"Tulipotoka tu. Njia nzima mgongo unaniwaka. Nkadhani labda gari za kitajiri ndivyo zilivyo. Halafu nkajua sivyo."

Mama alifunua uso. "Sasa mbona hukusema, mwanangu? Mumeo yuko hapo hapo, si ungemwambia?"

"Mlinambia biharusi hasemi."

Meneja hakulifasiri hilo. Somo alikuwa amevuta mikono yake ndani ya buibui. Nami nilikuwa nimekaa nikimwona mtoto yule nyuma ya kioo cheusi, uso umeinama kama alivyofundwa, moto unamla, sisi nje tunanusa na kusifu, naye anamaliza njia kwa adabu. Nimeogopa vitu vingi maishani, lakini hilo sikuwahi kulifikiria hata kuliogopa.

Shemeji aliinua kichwa. "Chetezo hakikuwemo," alisema, akimtazama mkewe na si meneja. "Mie ndiye niliyekuwa naye kiti kwa kiti. Nlikuwa nakanyaga mafuta nishangiliwe. Sikumuuliza hata mara moja kama yu mzima."

Mgeni alitaka kujua kimesemwa nini. Meneja akaanza kusema kwamba ni mambo ya nyumbani tu.

"Mfasirie," mama akasema. "Neno kwa neno, kama alivyosema mwanangu. Na umwambie sauti ile ni yangu, nami nlikosea, haukuwa udi."

Meneja akafasiri. Ilichukua muda kuliko tulivyosema sisi. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akaizima simu yake na kuiweka chini mkekani, na mdogo wangu, ambaye tangu siku ya harusi alikuwa hamtazami mtu usoni, alikuwa akimtazama yeye, akingoja amjibu kama bado anataka tuseme chetezo kilikuwemo.