Mshale wa Mafuta na Taa ya Buluu

Mimi ile taa ya buluu sikuipenda tangu siku ya kwanza, na nilisema. Wengine wote mtaani kwetu, hapa Rumonge, waliisifu. Gari letu lilikuwa limelowa mwaka ule ziwa lilipopanda hadi kwenye nyua za watu. Maji yaliingia mpaka kwenye viti, na tabulo, ule ubao wa mbele ya usukani wenye mishale ya mwendo na mafuta, ikafa kabisa. Fundi umeme akatuletea nyingine aliyoichomoa kwenye gari jipya zaidi lililogongwa. Ukiwasha, namba zinatoka buluu. Watu wakajaa dirishani. "Ee bwana, iko kama ndege!" Mume wangu akacheka, akaniangalia ili nami nicheke. Sikucheka. Tabulo yetu ya zamani ilikuwa na mwanga wa rangi ya chungwa, mdogo, umetulia kama kaa la jikoni, na mume wangu alikuwa ameuzoea tangu tuliponunua gari.

Kazi yake ilikuwa kubeba abiria kati ya Rumonge na Minago. Mimi niliuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwa hiyo jioni nyingi nilirudi naye, nimekaa kiti cha mbele na beseni langu kati ya miguu. Ndipo nilipoona. Giza likianza kuingia, aliinamisha kichwa kwenye usukani kama mtu anayetafuta sindano.

"Hii buluu inatawanyika," alisema. "Namba zinavimba, zinaingiliana. Ile ya chungwa ilikuwa inakaa mahali pake."

Nikamwambia airudishe basi. Akasema vitaa vya chungwa havipatikani siku hizi, kila mtu anataka buluu. Akakata chupa ya plastiki ya kijani, akabandika kipande chake juu ya kioo. Siku chache akasema afadhali. Kisha akakibandua kwa hasira, akakitupa dirishani. Barabara bado aliiona, kwa sababu taa za nje zilikuwa kali na kila kona aliijua. Ila mle ndani, mbele ya pua yake, hakuona kitu.

Basi nikawa macho yake. Abiria wasijue, tukajiwekea lugha yetu wawili. Nikisema "nasikia baridi", mwendo umezidi. Nikisema "nina kiu", mafuta yanakaribia kwisha. Wanawake wa Minago walinitania: mama huyu kila siku baridi, kila siku kiu, kwani mume wake anamtunza vipi? Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nachemka, wallahi, na sikujua nimkasirikie nani.

Sasa, miaka hii ya shida ya mafuta, huku kwetu abiria haingii garini kimya kimya. Wengi wameshaachwa njiani katikati ya michikichi, gari limekauka. Kwa hiyo anayekaa mbele humwuliza shoferi mafuta yaliyobaki, kisha anainama kuutazama mshale mwenyewe. Shoferi hakasiriki, ni haki ya abiria.

Jioni moja pale Minago akaja mama mjamzito, miguu imevimba. Ningefanya nini? Nikampisha kiti cha mbele, nikajibana nyuma na beseni langu. Kutoka kule nyuma sikuona kitu ila kisogo cha mume wangu. Akawasha gari.

"Shoferi, mafuta iko ngapi?" akauliza yule mama.

"Iko nusu, mama."

Mama akainama. "Nusu ya nini? Mushale iko chini kabisa!"

Kelele zikaanza, milango ikafunguliwa. Mutu muzima unatudanganya! Unataka tulale njiani? Muongo mukubwa! Nilifungua mdomo. Nilitaka kuwapigia kelele kwamba si muongo, haoni, jamani, haoni! Mume wangu akaniwahi.

"Munisamehe," akasema, kwa sauti kubwa ili wote wasikie. "Nilidanganya. Nilitaka tu nisirudi gari tupu."

Mtu ambaye hajui kudanganya hata bei ya samaki. Abiria wakashuka wakitukana. Nikarudi kwenye kiti changu cha mbele, dereva mwenzake akatugawia mafuta kidogo, tukaondoka.

"Kwa nini umekubali wakuite muongo?" nilimfokea njiani. "Una wazimu?"

"Mama watoto," akasema, "muongo kesho atapata abiria. Asiyeona hapati."

Chakula cha nyumbani kilikuwa kinatoka kwenye gari hilo, na nilijua hivyo kama yeye.

Nilimkalia kooni mpaka akakubali twende Bujumbura kwa daktari wa macho. Daktari alisema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu, na kilichokufa ndani ya jicho hakirudi. Dawa ya matone ingelinda kile kidogo kilichobaki, labda. Tulipotoka nje mume wangu akavaa kofia yake taratibu.

"Yule anajua macho," akasema, "lakini magari hajui. Tatizo ni ile buluu."

Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa pamoja. Tulipofika nyumbani alilisimamisha gari uani, akasema hataliendesha mpaka vitaa vya chungwa vipatikane. Abiria wake wakahamia kwa wengine. Nami nikawa narudi na ndagala zangu kwenye magari ya watu. Mume wangu alimwuliza kila mtu aliyetoka Kigoma habari ya vile vitaa, kwa upole, kama anayeuliza habari ya ndugu. Nilimwona mjinga. Kisha, miezi ikapita, nami nikaanza kuvisubiri.

Vikafika. Fundi alikuja mwenyewe uani kwetu, jua limeshazama upande wa Kongo. Akafungua tabulo, akabadilisha kitaa kimoja kimoja. Mume wangu alikaa kwenye kiti chake, amevaa shati la kazi nililolipiga pasi, mikono iko kwenye usukani. Mimi nilisimama kwenye mlango wa gari. Fundi akazungusha ufunguo.

Ikawaka. Jamani, ilikuwa nzuri! Rangi ile ile ya zamani, kila namba mahali pake, na mwanga ukampanda mume wangu kidevuni na mashavuni hadi nikaona mvi za ndevu zake. Nilishika kifua nikimngoja aseme neno.

"Mwambie awashe basi," akasema. "Giza limeshaingia."

Fundi akaniangalia. Sikuweza kumwangalia. Nyumba za jirani zote zilikuwa na taa na redio zinaimba, nami sijui ni shetani gani aliyenitia maneno mdomoni.

"Umeme umekatika," nikasema.

Yeye ni shoferi tangu ujana, anajua kwamba taa ya gari haingoji umeme wa mji. Na redio za jirani alizisikia kama mimi. Akapapasa chini ya usukani mpaka akaushika ufunguo, akauchomoa, akaninyooshea, pembeni kidogo ya pale niliposimama.

"Haya," akasema. "Umeme ukirudi, utaniambia."